Watoro Kumi na Mmoja wa Darasa la Saba

Kaka yangu Yakobo ni mtoro. Simsingizii, imeandikwa. Katika daftari la mahudhurio la darasa la saba, mwaka 2006, mbele ya jina la Yakobo Budeba kuna herufi T kuanzia Jumatatu moja ya mwezi wa tano. T hizo zinaendelea siku hadi siku, wiki hadi wiki, mpaka mwalimu wa darasa alipochoka kuziandika, akachora mstari mwekundu na kumalizia kwa maneno matatu: Amefutwa kwa utoro. Mimi nami ni mtoro wa mwaka huohuo, ila daftari la darasa la tano liliwahiwa na mchwa, kwa hiyo utoro wangu hauna ushahidi.

Naitwa Veronika Budeba. Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili katika sekondari ya kata, nusu saa kwa bodaboda kutoka Chimala, ukiacha lami na kuingia kwenye mashamba ya mpunga. Watu husema nina mdomo. Ninao kweli, na nimeusomea chuo miaka mitatu.

Sasa niseme kilichotokea wiki ile, maana daftari halisemi. Hatukutoroka. Ilikuja operesheni ya kuwatoa wafugaji katika bonde hili la Usangu. Mto unaolisha mabwawa ya umeme ulikuwa umekauka, mijini umeme unakatika, na ng'ombe wetu ndio walioonekana wameunywa umeme wa watu. Sisemi ng'ombe walikuwa wachache. Walikuwa wengi mno, na waliharibu mali za watu, nitafika huko. Lakini siku ile baba alipewa muda mfupi kuliko ule mama anaotumia kukanda unga. Tukaondoka nyuma ya ng'ombe, mimi na sare yangu ya shule mwilini kwa sababu nilikuwa nimeshavaa. Tulitembea tukaenda kutokea Pawaga, mkoa wa Iringa, na ng'ombe waliofika hawakuwa nusu ya waliotoka.

Huko Pawaga kulikuwa na mwalimu mkuu, mama mmoja Mhehe mwenye sauti ya ukali na moyo wa huruma, akanipokea bila karatasi yoyote. Alinirudisha nyuma madarasa mawili, lakini alinipokea. Kwa Yakobo akashindwa. Yakobo alikuwa darasa la saba, mtihani wa taifa umebaki miezi minne, na jina lake limesajiliwa Usangu. Ilitakiwa barua ya uhamisho. Baba akarudi Usangu kwa miguu na kwa malori ya watu kuifuata. Alipofika, mwalimu mkuu alifungua daftari, akamwonyesha zile T, akamwambia kwamba mwanafunzi aliyefutwa kwa utoro hapewi uhamisho. Baba hakujua kusoma. Alitazama zile herufi alizoonyeshwa, akashukuru, akaondoka.

Yakobo ndiye aliyenifundisha hesabu za sehemu, kwa kugawa ng'ombe wa baba katika mafungu. Alikuwa wa kwanza darasani muhula hadi muhula. Leo ana miaka thelathini na mitatu, anachimba dhahabu Makongolosi, shimo la mtu mwingine, na akisimama magoti yanalia. Nikiona mtoto yeyote anakokotoa sehemu ubaoni kwa haraka, nakasirika ghafla bila yeye kunikosea kitu.

Yule mwalimu mkuu wa Usangu aliyemwonyesha baba zile T, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa la saba, ni Mwalimu Fanueli. Amestaafu sasa, na ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule yetu. Nusu ya kata hii aliifundisha kushika penseli, mimi nikiwemo. Nikimwona popote nampa shikamoo, na naitoa kwa heshima ya kweli. Niliomba kupangiwa kituo hiki miaka sita, nikiandika barua kila mwaka, kwa sababu ndipo nilipozaliwa na ndipo mama yangu alipotaka kurudi afie. Hatukurudi kwa vita na mtu.

Basi mwaka huu somo likaja na mada ya vyanzo vya historia: simulizi, nyaraka, mabaki ya kale. Kitabu kinatoa mfano wa mapango na vigae vya vyungu. Hapa kwetu pango hakuna, vigae ni vya vyungu alivyovunja mke wa mtu juzi. Nikaandika andalio la somo vizuri kabisa, na kwenye zana nikaandika: nyaraka halisi kutoka mazingira ya shule. Mkuu wa shule, Mwalimu Andendekisye, akalisaini asubuhi akiwa anakunywa chai. Huwa anasaini hivyo, jicho moja kwenye chai na jingine kwenye simu.

Nyaraka yangu, lile daftari la mahudhurio la mwaka 2006, nikaenda kuichukua shule ya msingi ya jirani, ileile tuliyosoma. Ofisini walikuwa wameiweka chini ya mguu wa kabati uliokuwa mfupi. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana mchangamfu, alisema nichukue tu, akatafuta kipande cha tofali badala yake. Nilisaini kwamba nimeazima. Nakiri nilijua ninachokitafuta. Nilipoona jina la Yakobo na ule mstari mwekundu nilikaa kwenye ngazi za ofisi mpaka kengele ya saa nne ikalia.

Darasani nilinakili ukurasa ule ubaoni, majina kumi na moja yenye T. Nikawauliza kidato cha kwanza: nyaraka hii inatuambia nini? Wakahesabu. Wakagundua wenyewe kwamba wote kumi na mmoja waliacha kuja siku ileile moja. Nikawauliza kwa nini. Mmoja akasema malaria, mwingine akasema labda mafuriko. Hapo akanyoosha mkono Jailos, mtoto wa Wasukuma wenzetu, wazazi wake walirudi bondeni kimyakimya kama sisi.

"Madam, hao majina yao ni Wasukuma," akasema. "Sisi Wasukuma hatupendagi shule. Tunapenda ng'ombe."

Darasa likacheka, naye akacheka kuliko wote. Yale majina yaliniumiza kwa mambo ya mwaka 2006, lakini kicheko cha Jailos kiliniumiza siku hiyohiyo, mbele ya macho yangu. Mtoto ana miaka kumi na minne na ameshauamini ule mstari mwekundu bila kuuona. Niliwapa kazi ya nyumbani: nendeni mkamuulize mtu mzima mmoja tu, swali moja tu, mwezi wa tano mwaka 2006 ulikuwa wapi na uliona nini. Andikeni atakavyosema, msiongeze chumvi.

Walirudi na mambo. Msichana mmoja alisema mama yake alibakiwa na ndama watatu wa jirani aliyeondoka, akasubiri mwenyewe arudi, hakurudi, na kila ng'ombe wa uzao wao akizaa mama anaondoka hataki kuona. Jailos mwenyewe alisema baba yake alikuwa mmojawapo wa wale kumi na mmoja. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na safari hii hakuna aliyecheka. Bupe, binti wa mkulima mmoja Mnyakyusa anayeitwa Gwakisa, alimuuliza bibi yake kwa sababu baba yake alikuwa shambani, akaja na habari za marehemu babu yake. Niliandika yote ubaoni, ya waliofukuzwa na ya waliofurahia kufukuzwa kwao, shahidi wa kwanza, wa pili, wa tatu mpaka wa tisa. Wakanakili kurasa mbili. Chini nikawaandikisha: Daftari linasema walitoroka. Mashahidi wanasema waliondolewa. Nyaraka huandikwa na mtu, na mtu huweza kuandika uongo.

Sikutaja jina la mwandishi wa daftari. Katika kata hii haikuhitajika.

Zamani haya yangepita salama. Historia ilikuwa ya Kiingereza, mzazi akifunua daftari la mtoto anaona mistari mingi na alama ya vema, anaridhika, anafunga. Sasa somo ni la Kiswahili, na mzazi akifunua anasoma. Kufika Jumamosi habari ilishafika sokoni Chimala ikiwa na pilipili zake. Niliambiwa kwamba nawafundisha watoto kudai ng'ombe, kwamba naandaa kesi ya ndama, kwamba nimemwita Mwalimu Fanueli mwongo mbele ya wajukuu zake. Hili la mwisho, tukisema kweli, halikuwa mbali sana.

Jumatatu Mwalimu Andendekisye akaniita ofisini. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa siku ipite. Aliniambia kwa upole kwamba mzee ameumia, kwamba ameitisha kikao cha wazazi Ijumaa, na kwamba jambo hili linaweza kuisha kwa neno moja.

"Yaliyopita si ndwele, Madam. Tugange yajayo."

"Mkuu, mimi nimeajiriwa kufundisha yaliyopita," nikamjibu. "Yajayo yana walimu wake."

Hakucheka. Alinipa masharti. Kwenye kikao nisimame niseme nilikosea, kisha wanafunzi wachane zile kurasa mbili mbele ya wazazi, mambo yaishe. Nisipofanya hivyo ataandika kupendekeza nihamishwe, na nafasi iliyokuwa wazi, alivyosikia, ni upande wa Makongolosi. Funika kombe mwanaharamu apite. Nilitoka ofisini nikijua kipimo cha jambo lenyewe. Nikisema nilikosea, nitabaki na mama yangu na kazi yangu, na Yakobo atabaki mtoro, safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe. Nisiposema, nitaondolewa Usangu mara ya pili.

Nilimpigia Yakobo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia niachane nayo, yeye ameshazoea, hakuna mwenye shimo anayemwuliza cheti cha darasa la saba. Akauliza kama kweli nitapoteza mshahara wa serikali kwa herufi moja. Nilimkatia simu. Ni mkubwa wangu, haifai kumkatia simu, lakini nilimkatia, maana hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya kwake na ingemwangukia yeye.

Ijumaa wazazi walijaa darasa kubwa la kidato cha nne, waliokosa viti wakakaa juu ya madawati na madirishani. Mwalimu Fanueli alikaa mbele amevaa koti lake la kijivu, lile la mahafali. Wanafunzi wangu walisimama ukutani na madaftari yao mikononi. Nilikuwa nimebeba daftari la mahudhurio kwapani, kwa sababu nilikuwa nalirudisha shule ya msingi siku hiyo na mtu anayeazima hurudisha. Mkuu akafungua kikao kwa sala na maneno marefu ya amani, akasema Madam Veronika ana neno.

Nikasimama. Nikasema sitasema nilikosea kwa sababu sikukosea, na atakayechana ukurasa atauchana kwa mkono wake, si kwa ruhusa yangu.

Kelele zilizofuata sizilaumu. Watu walikuwa wamekuja kusikia msamaha, wakapewa kitu kingine. Aliyesikika zaidi ni Gwakisa, baba yake Bupe, mtu mrefu mwenye matope ya jaruba mpaka magotini, alitoka shambani moja kwa moja.

"Nyie wafugaji mnajua kulia," akasema. "Kila siku ng'ombe wetu, ng'ombe wetu. Mpunga wetu nani aliulilia? Baba yangu aliliwa mpunga na ng'ombe misimu miwili. Hiyo mmefundisha?"

"Imefundishwa, baba Bupe. Ukurasa wa pili, shahidi wa tatu. Soma."

Akanitazama akidhani namdhihaki. Bupe akamletea daftari, akipiga goti kidogo kama wanavyolelewa, akamwonyesha mahali. Gwakisa akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari, na watu wakanyamaza ili wamsikie.

"Shahidi wa tatu, mkulima. Misimu miwili ng'ombe waliingia shambani kwake. Alikwenda kushtaki ofisini mara saba. Operesheni ilipokuja alishangilia barabarani." Akasogeza kidole. "Siku ya pili akamwona jirani yake Msukuma, aliyekuwa akimwazima maksai wa kulimia, anapita na watoto. Jirani alimsalimia. Yeye akaingia ndani akafunga mlango. Kabla ya kufa alimwambia mke wake kwamba mpunga alishausahau. Ule mlango ndio hakuusahau."

Gwakisa akarudia mstari wa mwisho bila sauti, midomo tu. Kisha akageuka kumtafuta mama yake, yule bibi, kati ya wanawake. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa na hakukiinua.

"Mzee hakuniambia hii," Gwakisa akasema. Akafunga daftari, lakini hakumrudishia mtoto, akalishika mwenyewe. "Mkuu, hii haichanwi. Mkichana, mmemchana na baba yangu."

Mama mmoja nyuma akasema na la mwanawe asilichane mtu. Mwingine akasema yeye la mwanawe alishalichana tangu jana na hajuti. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia watu wa kata hii wanabishana hadharani juu ya mwezi ule wa tano, nani alikuwa wapi, nani alichukua nini. Mkuu alipiga meza. Akasema basi, tuyaache ya madaftari, angalau nimwombe radhi mwalimu wangu.

Hapo Mwalimu Fanueli akasimama mwenyewe. Ni mzee sasa, alisimama kwa awamu mbili. Watu wakatulia bila kuambiwa, maana karibu wote walishawahi kutulizwa naye.

"Veronika, mimi ndiye niliyekufundisha kuandika jina lako."

"Ndiyo, mwalimu. Nashukuru, na nitashukuru mpaka nife."

"Daftari la mahudhurio lina alama nne. Yupo, mgonjwa, ruhusa, mtoro. Haiko ya tano. Ungekuwa wewe siku ile umekaa pale, ungeandika ipi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Sikuwa nimejiandaa kwa swali, tena swali la haki. Niliwaza huyu mtu asubuhi ile, darasa limebaki nusu, kalamu mkononi, na kila alama aliyofundishwa ni ya uongo. Nilimwonea huruma, na nasema hivyo ili mjue kwamba nilichomjibu nilimjibu pamoja na huruma hiyo.

"Pembeni kulia kuna safu ya maoni, mwalimu. Uliiacha tupu."

"Ningeandika nini mle? Nifukuzwe kazi?"

"Ndiyo, mwalimu. Kama mimi leo."

Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimebeba maneno haya miaka kumi na tisa na hayakukubali tena kukaa ndani. Nikamwambia zile T za wiki ya kwanza naweza kumsamehe, hofu ilikuwa ya kila mtu. Lakini baba yangu alipokuja kuomba barua operesheni ilikuwa imekwisha. Pale mezani hapakuwa na askari. Alikuwepo yeye, na baba yangu, na kalamu, na mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani kwake, na alijua tulikokwenda na sababu iliyotupeleka. Akamwonyesha herufi mtu asiyejua kusoma. Niliyasema haya bila kupaza sauti. Nilisikia mama yangu analia mahali fulani upande wa dirisha, na sikugeuka, kwa sababu ningegeuka nisingemaliza.

Nikafungua daftari la mahudhurio kwenye ukurasa ule, nikaliweka mezani mbele yake pamoja na kalamu yangu. Nikamwomba aandike yeye.

Mwalimu Fanueli alilitazama. Mwandiko ulikuwa wake, mzuri, wa kulala kidogo kulia, hakuna leo anayeandika hivyo. Mkono wake ulitoka mfukoni ukafika ukingoni mwa meza. Kisha akasema kumbukumbu ya serikali haiguswi, akakaa chini, na mkono akaurudisha mfukoni.

Basi nikaandika mimi. Sikufuta hata T moja. Kwenye safu ya maoni, mbele ya Yakobo Budeba, niliandika: Hakutoroka. Aliondolewa na familia yake katika operesheni, Mei 2006. Aliombewa uhamisho, akanyimwa. Nikashuka kwa wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na moja, ambaye alikuwa baba yake Jailos. Ilichukua muda mrefu na hakuna mtu aliyetoka. Mkuu alikuwa anasema naharibu nyaraka ya umma, kwamba hili sasa ni kosa la kinidhamu, hawezi kunisaidia tena. Alikuwa anasema kweli. Nilipomaliza nikaandika tarehe, jina langu kamili na namba yangu ya mtumishi, mtu asije akapata taabu ya kumtafuta mkosaji.

Jailos alisogea kutoka ukutani akaja kusoma. Alisoma mstari wa baba yake mara mbili. Akaniuliza kama anaweza kuunakili, nikamwambia anakili, ndiyo kazi ya somo.

Barua ilinifikia saa tisa alasiri, kabla sijaenda nyumbani. Natakiwa kutoa maelezo kwa maandishi ndani ya siku saba, kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuingiza maandishi yasiyoidhinishwa katika kumbukumbu ya shule. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba. Nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, nikampigia Yakobo.

Alikuwa ametoka shimoni muda huo. Nyuma yake karasha lilikuwa linasaga mawe, ikabidi asogee mbali ndipo tusikizane. Sikumwomba radhi kwa kumkatia simu, nilimsomea tu. Nilikuwa nimeukariri ule mstari. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie mwisho tena, pale penye uhamisho, nikarudia.

"Kwa hiyo sikuwa mtoro," akasema.

"Hukuwa."

"Na imeandikwa."

"Imeandikwa."

"Sasa Vero," akasema, "mtihani wangu ni lini?"

Nilicheka, nikimsubiri naye acheke, maana ni mtu wa utani. Hakucheka. Alisubiri jibu, kwa adabu, kama mtoto aliyenyoosha mkono darasani na anajua mwalimu amemwona. Karasha liliendelea kusaga. Mwishowe akasema ngoja arudi kazini, akanituma nimsalimie mama, akakata.

Sikungoja siku saba. Nilitoa karatasi palepale kwenye benchi, nikaandika maelezo yangu, mistari miwili, nikasaini, nikaenda kumwekea Mwalimu Andendekisye mezani akiwa bado yupo. Yanasema hivi: Kaka yangu Yakobo Budeba, wa kwanza darasani, anauliza mtihani wake ni lini. Mkimjibu yeye, na mimi nitawajibu ninyi.